Kumpima chipukizi wa besiboli katika ligi ndogo: uliza umri kabla ya wastani

Msimu ukianza tu, mwezi wa nne, ujumbe wa aina moja huanza kuingia kwenye simu yangu kutoka kwa Waswahili wenzangu wanaofuatilia besiboli huku Marekani: "Kaka, timu yangu ina kijana ligi ndogo anapiga 0.320, mbona hawampandishi?" Nami huwajibu kwa swali: ana miaka mingapi, na yuko ngazi gani? Tisa kati ya kumi hawajui, maana wameangalia wastani wa kupiga peke yake, yaani sehemu ya majaribio yake ya kupiga yanayomfikisha beisi.

Naandika ripoti za wachezaji wa ligi ndogo nikiwa Carolina Kaskazini, na hapa pana bahati yake. Kwa gari na mafuta kidogo unaziona ngazi tatu: Durham na Charlotte ni Triple-A, Greensboro na Winston-Salem ni High-A, Kannapolis ni Single-A. Ninayoyaeleza hapa ndiyo ninayoyafanya, kwa mpangilio ninaoufuata.

Hatua ya 1: Zijue ngazi

Tangu ligi ndogo zilipopangwa upya mwaka 2021, kila timu kati ya 30 za ligi kuu ina timu nne za msimu mzima chini yake, kutoka ngazi ya chini kwenda ya juu: Single-A, High-A, Double-A na Triple-A. Jumla ni timu 120. Chini yake kuna ligi za kambini, Florida na Arizona, na ligi ya Jamhuri ya Dominika wanakoanzia vijana wengi wa Amerika ya Kusini na Karibi waliosainiwa wakiwa na miaka 16 au 17.

Aliyezoea soka hupotea hapa. Hizi si daraja la kwanza na la pili. Timu haipandi wala haishuki, anayepanda ni mchezaji. Kwa hiyo matokeo ya mechi hayakuhusu. Mrushaji anaweza kuambiwa na wakubwa zake arushe chenjiapu (mpira wa polepole unaofanana na wa kasi) ishirini usiku huo hata kama zinapigwa zote, kwa sababu wanataka ajifunze. Timu inafungwa, na hakuna anayefukuzwa kazi.

Pengo kubwa ni lile la kutoka High-A kwenda Double-A. Huko mpigaji anakutana na warushaji wanaoweza kumtupia slaida (mpira unaokata pembeni) kwenye eneo la straiki, nafasi halali ya mpira kupita mbele ya mpigaji, hata pale wanapotakiwa kurusha mpira wa kasi. Wengi waliotamba chini hunyamaza hapo.

Hatua ya 2: Weka umri kando ya ngazi

Chora safu mbili kwenye karatasi. Kwa makadirio, mchezaji wa kawaida wa Single-A ana miaka 20 au 21, wa High-A 22, wa Double-A 23 au 24, wa Triple-A 26. Anayecheza vizuri akiwa mdogo kwa miaka miwili au mitatu kuliko wenzake, huyo mwekee alama. Mike Trout, aliyekuja kuwa nyota wa ligi kuu, mwaka 2011 alikuwa Double-A, Arkansas, akiwa na miaka 19, akipambana na watu waliokwisha kumaliza chuo. Julai ya mwaka huohuo aliitwa ligi kuu.

Sasa rudi kwa yule wa 0.320. Kama ana miaka 25 na yuko High-A, anawapiga wadogo zake. Si dhambi, ila haikuambii atafanya nini akirushiwa na watu wazima.

Umri nao usiusome kwa macho makavu. Kijana wa Texas amecheza mechi tangu akiwa na miaka sita. Aliyekulia Kampala au Johannesburg ana mechi chache mno miguuni. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisainiwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008, akafika ligi kuu tarehe 26 Aprili 2017, mzaliwa wa kwanza wa Afrika kufika huko, na mara yake ya kwanza kushika gongo akaupiga mpira wa mrushaji Jon Lester na kufika beisi. Pirates haohao walimsaini mrushaji David Matoma wa Uganda mwaka 2023. Wachezaji wa namna hii naruhusu mwaka mmoja au miwili zaidi, lakini sizidishi. Huruma haimsaidii mtu kupiga slaida.

Hatua ya 3: Soma namba zinazodumu

Wastani wa kupiga usome mwisho. Unategemea mno mpira umeangukia wapi, na kwenye ligi ndogo unategemea pia viwanja vibovu na walinzi wanaojifunza. Namba zinazotangulia ni mbili: mara ngapi mpigaji anatolewa kwa straiki tatu, na mara ngapi anapewa beisi ya bure kwa mipira minne mibaya. Kwenye ligi kuu ya siku hizi kutolewa kwa straiki ni kama asilimia 22 ya zamu zote, beisi ya bure ni kama asilimia 8.

Chukua vijana wawili wa kubuni, wote Single-A, wote zamu 450. Wa kwanza ana hom rani 22 (mipira iliyopigwa ikavuka ukuta), ametolewa kwa straiki mara 140, beisi za bure 25. Wa pili ana hom rani 6, ametolewa kwa straiki mara 75, beisi za bure 50. Gawanya: wa kwanza anatolewa kwa asilimia 31 na kupata beisi ya bure kwa asilimia 5 na ushee. Wa pili ni asilimia 17 kwa 11. Mitandaoni wa kwanza ndiye atakayepostiwa. Mimi namfuata wa pili, hasa kama mwili wake bado haujajaza mabega, kwa sababu nguvu huja na umri na gym, lakini jicho la kujua mpira upi wa kuacha ni gumu sana kulifundisha.

Mfano wa kweli ni Mookie Betts. Mwaka 2012, akiwa Lowell, timu ya ligi ndogo ya Boston Red Sox, alicheza mechi 71 bila hom rani hata moja. Lakini mara alizotolewa kwa straiki na beisi zake za bure zilikuwa zinakaribiana, jambo la nadra kwa kijana wa miaka 19. Mwaka uliofuata alipiga hom rani 15, mwaka 2014 alikuwa Boston, na mwaka 2018 akawa mchezaji bora wa ligi yake.

Kabla hujafunga ukurasa wa namba, uliza uwanja. Albuquerque iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira unaruka na slaida haikati. Reno na Salt Lake City haziko juu kiasi hicho, lakini hali ni hiyohiyo. Uwanja wa Charlotte hauko juu, lakini unajulikana kwa hom rani rahisi. Angalia namba za nyumbani na za ugenini kando kando. Kwa Triple-A na ligi ya Single-A ya Florida, kasi ya mpira unaotoka kwenye gongo iko wazi kwenye tovuti ya Baseball Savant. Mpira wenye maili 95 kwa saa, yaani kilomita 153, huhesabiwa kuwa umepigwa kwa nguvu. Hiyo haidanganyi sana, kwa kuwa haijali ukuta uko wapi.

Hatua ya 4: Nenda uwanjani, na nenda mapema

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kwa kawaida timu mbili hukaa pamoja mechi sita, Jumanne hadi Jumapili, Jumatatu ni mapumziko. Kata tiketi mbili za wiki hiyohiyo badala ya kwenda mara moja wiki hii na mara moja mwezi ujao, umwone mpigaji yuleyule dhidi ya warushaji tofauti.

Fika milango inapofunguliwa. Kama mazoezi ya kupiga bado yanaendelea, usihesabu hom rani. Yule kocha anarusha mipira laini na kila mtu anaonekana simba. Angalia raundi ya kwanza: je, anaweza kupeleka mpira upande wa pili wa uwanja akiombwa? Kisha tega sikio. Ukikaa karibu, mpira uliokutana na gongo sawasawa una mlio wake, na ukishausikia mara chache hutauchanganya na mwingine.

Mechi ikianza, kaa nyuma ya beisi ya nyumbani kwa mizunguko mitatu. Mara nyingi utawakuta warushaji wa timu wasiocheza siku hiyo wameketi hapohapo na tochi ya kupimia mwendo, ileile wanayotumia trafiki barabarani Tanzania, mwenzao kashika karatasi. Kasi ya mpira unaisoma begani mwao. Baada ya hapo hama. Mpigaji wa mkono wa kulia mwangalie kutoka upande wa beisi ya kwanza, wa kushoto kutoka upande wa beisi ya tatu, ndipo utaona kifua, mikono na goti la mbele.

Tazama mguu wa mbele unapotua. Mpira wa kasi ukija kila mtu anatua vizuri. Ni mpira wa polepole unaomfichua. Akiwa amekwisha kutua na uzito wote umeshaenda mbele, gongo linabaki la mikono mitupu na mpira unabiringika kwa shotistopu, mlinzi wa kati ya beisi ya pili na ya tatu. Mwenye kipaji hutua akasubiri. Nyonga inabaki nyuma kwa kitambo kidogo sana, halafu ndipo mikono inaondoka. Ukiona hilo mara mbili kwa usiku mmoja dhidi ya mrushaji mzuri, andika, hata kama mipira yote miwili ilidakwa.

Beba saa ya kupimia mbio, ya simu haitoshi kwa kuwa kioo hakina kitufe cha kubonyeza bila kutazama. Anza mpira unapogusa gongo, simamisha mguu unapogusa beisi ya kwanza, mita 27.4. Kwa mpigaji wa kulia sekunde 4.3 ni wastani wa ligi kuu, kwa wa kushoto 4.2 kwa kuwa yuko karibu kidogo na beisi. Hesabu mbio za kweli tu. Wengi hulegeza wakiona watatolewa, nalo hilo liandike. Kwa mdakaji, yule anayekaa nyuma ya mpigaji, pima anaporusha kwenda beisi ya pili: anza mpira unapoingia kwenye glavu yake, simamisha unapofika kwenye glavu ya beisi ya pili. Sekunde 2.0 ni wastani, 1.9 ni mkono mzuri.

Hatua ya 5: Toa alama kwa kipimo cha 20 hadi 80

Maskauti, watu wa timu wanaotafuta vipaji, hutumia kipimo hiki kwa mambo matano: kupiga, nguvu, mbio, ulinzi na mkono wa kurusha. 50 ni wastani wa ligi kuu, si wa ngazi uliyomwona. 80 utaiona kwa nadra, na ukijikuta unaigawa kila wiki, shida ni yako. Kila jambo lipe alama mbili, ya leo na ya atakapokomaa. Mbio mara nyingi hazipandi, hushuka mwili ukinenepa. Nguvu hupanda. Kupiga ndiko kunakobeba vyote, kwa sababu nguvu isiyokutana na mpira huishia kwenye mazoezi.

Kisha uliza atacheza wapi. Shotistopu mzuri anaweza kuhamishiwa beisi ya pili au ya tatu. Aliyeko beisi ya kwanza hana pa kukimbilia, gongo lake lazima liwe la juu. Jesús Montero alisifiwa sana enzi zake Yankees kwa gongo lake, na mashaka ya ulinzi wake kama mdakaji hayakuisha. Alipopelekwa Seattle mwaka 2012 na gongo likapungua, hakubaki na cha kumweka uwanjani.

Hatua ya 6: Mrushaji ana mizani yake

Kasi unaiona mara moja, hivyo usiishie hapo. Hesabu aina za mipira anayoweza kurusha kwenye straiki. Mwenye mitatu anaweza kuanza mechi, mwenye miwili huishia kuingia mwishoni kwa mzunguko mmoja. Mwangalie mzunguko wa tano, anapokutana na wapigaji walewale mara ya tatu: kasi imeshuka maili ngapi, na kiwiko kimeanza kushuka? Majeraha ya kiwiko yamejaa kwenye kazi hii. Tangu daktari Frank Jobe alipomfanyia Tommy John upasuaji wa kano mwaka 1974, wengi wamerudi uwanjani, lakini mwaka na zaidi hupotea. Kati ya mpigaji na mrushaji wenye alama sawa, mimi namweka mpigaji juu bila kusita.

Hatua ya 7: Angalia kalenda ya mkataba

Kwa kifupi: aliyesainiwa akiwa na miaka 18 au chini ana misimu mitano ya kulindwa na timu yake, mwenye 19 na zaidi ana minne. Baada ya hapo, asipowekwa kwenye orodha ya watu 40 ya timu yake ya ligi kuu, timu nyingine inaweza kumchukua kwenye drafti ya Rule 5, mradi imweke kikosini ligi kuu msimu mzima. Mrushaji Johan Santana alipita njia hiyo mwaka 1999 na kuangukia Minnesota Twins. Kwa hiyo Novemba, maamuzi hayo yanapofanyika, ndipo utajua timu yenyewe inamthamini kiasi gani. Maneno ya kwenye mahojiano yaache.

Hatua ya 8: Andika usiku uleule

Ripoti yangu haizidi aya mbili. Mfano: "Shotistopu, kulia, miaka 20, High-A. Kupiga 40 leo, 55 kesho. Nguvu 35/50. Mbio 55, amekimbia 4.22 mara mbili. Anasubiri mpira wa polepole, anashindwa na mpira wa kasi wa juu ndani. Atahamia beisi ya pili. Mchezaji wa kila siku kama ataziba hilo pengo la ndani." Weka tarehe, uwanja, na majina ya warushaji aliokutana nao.

Ukimwona tena Agosti, ya zamani usiifute. Andika mpya chini yake, na ukibadilisha alama taja ulichokiona kwa macho kilichobadilika: mikono imeshushwa, mguu unatua mapema, kilo zimeongezeka. Kama sababu pekee uliyonayo ni kwamba wiki hii amepiga sana, rudisha alama ilivyokuwa.