Kwenda kutazama Test (mechi ya kriketi ya hadi siku tano) Uingereza: ova 30 zinazokula pesa ya tiketi

Anayekuambia "nunua tu, mvua ikinyesha wanarudisha pesa" hajasoma masharti ya tiketi. Wanarudisha, ndiyo, lakini kinachotazamwa si mawingu wala saa ulizokaa umejikunyata chini ya mwavuli. Kinachohesabiwa ni ova zilizorushwa, na ova moja ni mipira sita. Utaratibu uliozoeleka kwenye viwanja vya Uingereza ni huu: zikirushwa ova 15 au pungufu siku hiyo, unarudishiwa bei yote ya tiketi, kuanzia 15.1 (yaani ova 15 na mpira mmoja) hadi 29.5, unapata nusu. Zikitimia 30, huna chako. Siku kamili ina ova 90. Ukishaonyeshwa theluthi moja tu, kwao umeshahudumiwa. Soma masharti ya uwanja wako na ya msimu wako kabla ya kulipa, kwa sababu viwango hivyo vimewahi kubadilishwa.

Tuchukue siku ya kawaida ya mvua. Mchezo unaanza saa tano asubuhi. Kwenye ratiba ni ova 15 kwa saa, ila warushaji wa kasi huburuta miguu, hivyo hadi mapumziko ya chakula saa saba zimerushwa 26. Mvua inashuka, vifuniko vinatandazwa, chai ya saa tisa na dakika arobaini inapita bila mpira. Jukwaa zima limeshajihesabia nusu ya pesa. Saa kumi na moja jua linachungulia, waamuzi wanakanyaga nyasi, wanaafikiana, wachezaji wanarudi. Zinarushwa ova nne, mwanga unafifia, kipima mwanga kinatolewa, wote ndani. Ishirini na sita na nne ni thelathini. Hurudishiwi hata peni, na hakuna dirisha la kulalamikia. Ukiona ubao wa matokeo unasoma ova 29 huku wingu linakuja, elewa kwamba mipira sita ijayo ina bei.

Mtego wa pili ni mbaya kuliko huo: pesa inarudi kwa aliyenunua, kwenye kadi iliyolipia. Hairudi kwa aliyeketi kwenye kiti. Ukiuziwa tiketi na rafiki wa binamu, siku ikiharibika yeye ndiye analipwa, na wewe ndiye unayebembeleza kwenye simu. Mkinunua kikundi, mwenye kadi aandike kabisa kwenye kundi la WhatsApp kabla hamjamtumia pesa: kila senti itakayorudi inagawanywa kwa viti. Ataona kana kwamba mnamshuku, mwacheni audhike. Aliyelipa asifunge ile kadi hadi mechi iishe na pesa ya marejesho iwe imeingia. Ada ya kununulia mtandaoni usiitegemee. Kinachorudi huwa ni bei ya tiketi.

Nasema kwa ajili ya wale wanaopenda vya haraka: usinunue picha ya skrini ya msimbo wa tiketi. Msimbo mmoja unaweza kuuzwa kwa watu watano, na anayeingia ni aliyewahi getini. Tiketi nyingi sasa hukaa ndani ya programu ya uwanja na huhamishwa kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Mwuzaji akikwambia kuhamisha "kunasumbua", kata simu. Viwanja vyenyewe vina njia rasmi ya kuuza tena tiketi usiyoihitaji, na tiketi iliyolanguliwa inaweza kufutwa nawe uko kwenye foleni. Kununua kwa njia halali ni rahisi: uwanja wa Lord's, London, huendesha bahati nasibu ya kupata tiketi miezi mingi kabla ya msimu, viwanja vingine huuza moja kwa moja, siku ya nne na ya tano huwa nafuu.

Sasa ndugu wa nyumbani. Waliokulia enzi za Steve Tikolo, nahodha wa Kenya, na nusu fainali ya Kombe la Dunia ya 2003 wanajua kriketi ya ova 50, ile inayoisha jioni na mshindi anajulikana. Kenya haijawahi kucheza Test, kwa hiyo wengi hawajazoea mchezo unaoweza kwenda siku tano ukaisha sare, au ukafa mapema. Mei 2025 Zimbabwe walicheza na Uingereza kwenye uwanja wa Trent Bridge, Nottingham, mechi ya siku nne; iliisha siku ya tatu. Mwenye tiketi ya siku ambayo haikuchezwa kabisa hurudishiwa pesa yake. Nauli ya treni na hoteli ya Nottingham hakuna anayekurudishia. Shangazi akitaka kusafiri kutoka Mombasa "kwa ajili ya siku ya tano", mwambie kwa heshima kwamba siku ya tano ni ahadi ya mwanasiasa. Mnunulie siku ya kwanza au ya pili.

Siku yenyewe haina mambo mengi. Kwa Lord's shuka kituo cha St John's Wood, kwa The Oval, nao uko London, shuka kituo cha Oval au tembea kutoka Vauxhall. Fika saa nne asubuhi, ukaguzi wa mifuko una foleni. Begi liwe dogo la kuingia chini ya kiti. Chapati na sambusa beba, chakula cha ndani ni ghali. Lord's hawataki bendera wala ala za muziki, kwa hiyo vuvuzela ibaki nyumbani. Beba koti na mafuta ya kukinga jua, vyote viwili, hata Julai. Ukitoka kwenda msalani, utazuiwa na mhudumu juu ya ngazi hadi ova iishe; usibishane naye, kutembea nyuma ya mrushaji kunamsumbua mpigaji. Chukua kiredio cha sikioni. Bila watangazaji, asubuhi ya mikimbio (alama) 60 na wiketi moja (mpigaji mmoja kutolewa) itakulaza usingizi.

Majirani zako jukwaani watakushangaza. Mwingereza asiyekusalimia kwenye lifti miaka miwili atakugawia stroberi na kukueleza kwa nini mpira unapinda chini ya mawingu. Anampigia makofi mpigaji wa timu pinzani aliyefikisha mikimbio 50, kwa dhati. Mvua ikinyesha saa tatu mfululizo, anafungua gazeti. Uvumilivu huo unapendeza, ila nadhani ndio unaofanya masharti ya tiketi yabaki vile yalivyo. Umati wa Dar ungeshadai chao. Baada ya chakula cha mchana bia hupanda vichwani, hasa kwenye majukwaa ya Hollies Stand uwanjani Edgbaston (Birmingham) na Western Terrace uwanjani Headingley (Leeds). Mwenye watoto, au asiyetaka harufu ya pombe, achague jukwaa la familia wakati wa kununua. Ukifika getini ndipo unaomba kuhamishwa, umechelewa.

Saa kumi na mbili jioni ndiyo mwisho kwenye ratiba, lakini wanaweza kuongeza nusu saa ili kufidia ova zilizochelewa. Basi la kurudi Leicester au Birmingham ukatie tiketi ya kuanzia saa mbili usiku.