MBA Marekani: Kazi ya kutafuta kazi huanza kabla ya kupanda ndege

Anayekwenda kusoma MBA (shahada ya uzamili ya biashara) ya miaka miwili Marekani huripoti chuoni mwezi Agosti. Septemba, kabla hajazoea hata njia ya kwenda maktaba, kampuni za ushauri wa biashara na benki za uwekezaji zimeshafika kujitambulisha. Maombi ya intanshipu (kazi ya muda ya kujifunza) ya Juni hadi Agosti huko hufungwa kati ya Novemba na Desemba, usaili ukafanyika Januari, na baadhi ya kampuni zimekuwa zikifanya tarehe hizo kuwa za mapema zaidi. Intanshipu hiyo ndiyo mlango mkuu wa ajira ya kudumu, kwani sehemu kubwa ya nafasi hupewa waliofanya vizuri ndani yake. Kwa hiyo miezi ya Mei hadi Julai, ukiwa bado Nairobi, Dar au Kampala, ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana.

Anza na kalenda, kwa sababu kila sekta ina msimu wake. Ushauri na benki ndizo za mapema. Kampuni za bidhaa za nyumbani, zile za sabuni, vinywaji na vyakula, hupokea maombi kuanzia Oktoba na kusaili hadi Februari. Kampuni za teknolojia huajiri zaidi kati ya Januari na Aprili, ingawa chache kubwa hutangaza nafasi mapema. Kampuni changa, mifuko ya uwekezaji wa kijamii na mashirika ya maendeleo husubiri hadi Machi au Mei, wakati mwingine baadaye. Mifuko ya kununua kampuni huwataka zaidi waliokwisha kufanya kazi hiyo, na nafasi nyingi hazitangazwi chuoni.

Chagua sekta mbili, zisizidi. Ushauri na teknolojia zinakaa pamoja vizuri kwa kuwa moja inaisha nyingine ikianza. Ushauri na benki kwa pamoja ni hatari: mikutano yao huangukia jioni zilezile, maandalizi ya usaili ni tofauti kabisa, na benki hufuatilia nani alihudhuria na nani alipotea. Wengi wanaojaribu zote mbili hufika Januari wakiwa nusunusu kila upande.

Viza iingie kwenye uamuzi huu sasa, si mwaka wa pili. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, hupata miezi 12 ya kufanya kazi baada ya kuhitimu, inayoitwa OPT. Programu yake ikiwa imesajiliwa kama ya sayansi na teknolojia, yaani STEM, huweza kuongezewa miezi 24. Bahati nasibu ya viza ya kazi ya H-1B huendeshwa mara moja kwa mwaka, usajili wake ukiwa Machi, na anayefanikiwa huanza nayo Oktoba. Miaka mitatu inakupa majaribio kadhaa. Mwaka mmoja huenda ukakupa moja tu. Angalia msimbo wa programu kwenye I-20, fomu unayopewa na chuo kwa ajili ya viza, kwa sababu katika shule moja mchepuo mmoja unaweza kuwa STEM na mwingine usiwe. Kisha uliza kila kampuni kama hudhamini viza kwa wahitimu wa MBA. Kampuni nyingi za bidhaa za nyumbani hazidhamini, na ni uchungu kugundua hivyo baada ya mazungumzo kumi. Kanuni hizi hubadilika, hivyo thibitisha na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa ya chuo chako.

CV ndiyo inayowaangusha watu wetu wengi. Ile ya kurasa tatu, yenye picha, tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, dini na majina ya wadhamini mwishoni, haifai kule. Wanataka ukurasa mmoja wa ukubwa wa Letter, siyo A4, kwa muundo ambao ofisi ya ajira ya shule itakutumia. Kila mstari uanze na kitendo na uishie kwenye matokeo yenye namba. "Nilihusika na mikopo" haisemi kitu. Andika kwamba ulisimamia mikopo ya dola milioni 1 (takriban shilingi milioni 130 za Kenya) na ukapunguza iliyochelewa kulipwa kutoka asilimia 12 hadi 7, kama ndivyo ilivyokuwa. Badili fedha kuwa dola. Eleza mwajiri kwa maneno machache: msomaji wa Chicago hajui SACCO, wala hajui Safaricom ni kampuni kubwa ya simu. Daraja lako la shahada liandike kama lilivyo kwenye cheti; usilikisie kuwa GPA (wastani wa alama wa Kimarekani).

Mazungumzo na walio kazini yaanze Juni. Watafute wahitimu wa shule yako kwenye LinkedIn, ukianza na Waafrika Mashariki, kisha waandikie ujumbe usiozidi maneno mia: wewe ni nani, kwa nini yeye, na ombi la dakika 20. Saa kumi na moja jioni ya Nairobi au Dar ni saa nne asubuhi ya New York kwa majira hayo. Andika muda kwa saa zao. Usiombe kazi. Uliza anafanya nini kwa wiki, na nini kiliwaangusha waliosailiwa. Shukuru ndani ya saa 24, na uweke jedwali la jina, tarehe na mliyoongea.

Kwa ushauri, zoea hesabu za kichwa kila siku (asilimia 3.5 ya milioni 240 ni ngapi?), lakini mazoezi ya kesi, yaani maswali ya usaili ya kutatua tatizo la kampuni, na mwenzako yaanze Septemba. Kesi 30 za kuongea ana kwa ana zinatosha wengi. Kosa kubwa ni kukariri miundo ya majibu: msaili anatambua haraka, akibadili swali kidogo unakwama.

Kwa benki, jua jinsi taarifa tatu za fedha (faida na hasara, mtiririko wa fedha, mizania) zinavyoshikana. Swali la kawaida: uchakavu (thamani ya mali za kudumu inayopungua kwa matumizi) ukiongezeka kwa dola 10, kodi ikiwa asilimia 20, nini hutokea? Faida kabla ya kodi hushuka 10, kodi hushuka 2, faida halisi hushuka 8. Kwenye mtiririko wa fedha unarudisha ile 10 kwa kuwa haikutoka mfukoni, hivyo fedha taslimu hupanda 2. Kwenye mizania, fedha juu 2, mali za kudumu chini 10, faida iliyobakizwa chini 8. Pande zinalingana. Ukiweza kueleza hivyo bila karatasi, uko njiani.

Anayetaka kurudi nyumbani asisubiri kampuni zije chuoni. McKinsey na BCG, kampuni za ushauri, na IFC, tawi la Benki ya Dunia la sekta binafsi, wana ofisi Nairobi, lakini nafasi ni chache. Waandikie kuanzia Oktoba, ukumbushe Januari.

Ukipata intanshipu ya Marekani, omba mara moja CPT, kibali cha kufanya kazi ukiwa bado masomoni. Kwa kawaida hutolewa baada ya mwaka mmoja wa masomo, na huandikwa kwenye I-20 pamoja na jina la mwajiri na tarehe. Usianze hata siku moja kabla ya tarehe hiyo, maana ni kuvunja masharti ya viza. CPT ya muda wote ikifika miezi 12 hukufutia haki ya OPT. Wiki 10 au 12 za intanshipu haziigusi.