Defender ikila prosesa, ijue kwanza inakagua nini

Feni ikivuma ilhali hujafungua chochote kizito, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ikifunguka, bofya neno CPU (yaani prosesa) juu ya safu yake ili programu zinazotumia nguvu nyingi zipande juu. Ukiona Antimalware Service Executable imekaa kileleni, hiyo ni Microsoft Defender, antivirusi inayokuja na Windows yenyewe.

Wengi wakifika hapo huuliza namna ya kuizima. Kazi yangu ya kila siku ni kuhudumia kompyuta za watu, na nakuomba usiizime. Ukizima ulinzi wake kwenye mipangilio, Windows huuwasha tena baada ya muda, na tatizo linarudi nao. Ukiing'oa Defender kwa nguvu, unabaki na mashine nyepesi isiyo na ulinzi. Defender hufanya kazi pale kitu kingine kinapoipa kazi. Kitafute hicho kitu.

Bofya jina lake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha Open file location. Faili halisi, MsMpEng.exe, hukaa ndani ya folda ya Windows Defender, iwe chini ya C:\ProgramData\Microsoft au C:\Program Files. Ikiwa iko kwingine, una jambo jingine kabisa la kushughulikia: huenda ni kirusi kilichojipa jina hilo. Ikiwa mashine ilikaa muda mrefu bila kuwashwa, iache kwanza imalize masasisho na ukaguzi iliokosa.

Bado inavuma? Basi pima. Hatua hii watu wengi hawaijui, na ndiyo ninayoithamini kuliko zote. Fungua PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri, kama msimamizi (Run as administrator), uandike:

New-MpPerformanceRecording -RecordTo C:\rekodi.etl

Wakati inarekodi, fanya kazi ile inayoilemea kompyuta: fungua mradi wako, washa programu ya hesabu, nakili picha. Rudi ubonyeze Enter ili iache kurekodi na kuhifadhi, kisha andika:

Get-MpPerformanceReport -Path C:\rekodi.etl -TopFiles 10 -TopProcesses 10

Utaletewa faili zilizochukua muda mrefu zaidi kukaguliwa, na programu zilizosababisha ukaguzi huo. Kwenye mashine ya mhasibu mmoja, ripoti ilionyesha programu ya kuhifadhi nakala ikifungua faili ileile kubwa ya zip tena na tena mchana kutwa, na kila mara Defender ikalazimika kuichambua. Tulihamishia uhifadhi huo usiku. Mipangilio ya Defender hatukuigusa hata kidogo.

Mara nyingine hakuna jinsi, inabidi uiambie Defender iruke folda fulani. Ingia Windows Security, Virus & threat protection, Manage settings, kisha ushuke hadi Exclusions. Hapa uwe bahili. Ruka folda moja unayoijua vizuri, kwa mfano ile ambamo msimbo wako hutengenezwa upya kila dakika. Usiruke Downloads, usiruke folda za muda, na diski C nzima usiiguse. Tena ukiruka programu badala ya folda, faili zote ambazo programu hiyo inafungua hazikaguliwi papo hapo. Fikiria maana yake kwa kivinjari, au kwa Word inayofungua viambatisho vya barua pepe.

Kama kinachokusumbua ni ukaguzi wa ratiba, ule unaojianzisha wenyewe, punguza asilimia ya prosesa unayoruhusiwa kutumia, kwa amri hii ndani ya PowerShell:

Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20

Kawaida huwa ni asilimia 50. Elewa kwamba hicho ni kiwango cha wastani, kwa hiyo utaona ikipanda kidogo kupita hapo, na amri hii haigusi ulinzi wa papo kwa papo. Kwenye kompyuta ya ofisi mipangilio hii huenda imefungwa, mwombe anayeisimamia.

Sasisha pia, kwa amri ya Update-MpSignature ndani ya PowerShell na kwa Windows Update, kwa sababu kuna wakati kosa huwa ni la Defender yenyewe. Watumiaji wa kivinjari cha Firefox waliona MsMpEng.exe ikipanda kila walipokuwa mtandaoni. Tatizo liliripotiwa 2018, na Microsoft ikalirekebisha 2023. Mozilla, watengenezaji wa Firefox, walieleza kuwa baada ya marekebisho hayo matumizi ya prosesa ya Defender wakati wa kutumia Firefox yalishuka kwa takriban asilimia 75.

Ukishindwa kuisoma ripoti na ukataka kumtumia fundi, ipitie kwanza: ina majina ya faili zako na njia za folda zako, jina la akaunti yako likiwemo. Ukimaliza, futa rekodi.etl, maana huwa kubwa.