Somo: Kwenda harusi ya Landshut kwa treni za mkoa

Wapendwa, wengi mmeniuliza kuhusu Landshuter Hochzeit, yaani „Harusi ya Landshut“, sherehe ya mji wa Landshut huko Bavaria, Ujerumani, nami naandika mapema kwa sababu sherehe hii huja mara moja kila miaka 4. Ya mwisho ilikuwa 2023, ijayo ni kiangazi cha 2027. Ni harusi ya mwaka 1475 inayoigizwa upya: Georg, mwana wa mtawala wa Landshut, akimwoa Hedwig, binti wa mfalme wa Poland. Wenyeji zaidi ya 2,000 huvaa mavazi ya enzi hizo, na wanaume hufuga nywele kwa miezi mingi ili wasivae za bandia. Nimehudhuria harusi nyingi, lakini bibi harusi akipita kwenye gari lake la dhahabu, mji mzima ukimshangilia, mwili ulinisisimka.

Hatua ya 1: Tiketi. Hapa ndipo wenzetu huumia. Mwenye Deutschlandticket (tiketi ya mwezi ya treni za mkoa na mabasi ya Ujerumani nzima, euro 63 kwa mwezi tangu Januari 2026) hana la kufanya, apande tu. Mkiwa kundi, kateni Bayern-Ticket moja, tiketi ya siku ya treni za mkoa za Bavaria. Inabeba hadi watu wazima 5. Jumamosi na Jumapili inaanza saa 6 usiku, siku za kazi saa 3 asubuhi (kwenye ubao wa stesheni utaona 9:00, usichanganye), na inaisha saa 9 usiku wa kuamkia siku ya pili.

Andikeni majina ya wote kwenye Bayern-Ticket hiyo kabla ya kupanda. Mwaka 2023 sisi tulisahau. Mkaguzi alikuwa viti viwili kutoka kwetu, kalamu moja inapita mkono kwa mkono, jina la mwisho likaandikwa juu ya goti treni ikitikisika. Sitaki yawakute.

Hatua ya 2: Treni. Kutoka München Hauptbahnhof tafuta zilizoandikwa RE au RB, ndizo treni za mkoa. Ni dakika 50 hivi. ICE, IC na EC, treni za masafa marefu, ziache, hata kama inaondoka sasa hivi na ina viti vitupu. Tiketi hizi hazifanyi kazi humo, na faini huanzia euro 60. Anayetoka uwanja wa ndege wa München apande RE22, inafika Landshut bila kupitia mjini.

Hatua ya 3: Kufika. Msafara wa harusi hupita Jumapili saa 8 mchana. Uwe umeshasimama mahali pako saa 5. Stesheni iko mbali kidogo na mji mkongwe, basi lipo, ila kwa miguu ni dakika 25. Vuka mto Isar ukiufuata mnara wa kanisa la Mtakatifu Martin: mita 130 za matofali matupu, unaonekana kutoka mbali.

Hatua ya 4: Kurudi. Msafara ukiisha, kila mtu hukimbilia stesheni. Msikimbie nao. Kuleni, tembeeni, mpande jioni.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Augsburg): Nina watoto wawili, miaka 4 na 9. Nao nawakatia?
Jibu: Hapana dada. Chini ya miaka 6 husafiri bure, na huyo wa miaka 9 anaingia bure kwenye Bayern-Ticket yako. Ila kwa Deutschlandticket, huyo wa 9 anahitaji tiketi yake.

Swali (Nürnberg): Nikinunua Deutschlandticket kwa safari hii tu, nitakatwa kila mwezi?
Jibu: Ndiyo, mpaka uivunje. Ivunje kabla ya tarehe 10 ya mwezi huo huo, itakoma mwisho wa mwezi.

Swali (Ulm): Nimeona neno „Schienenersatzverkehr“ kwenye safari yangu. Ndiyo nini?
Jibu: Reli imefungwa kwa matengenezo, mtapelekwa kwa basi kipande hicho. Tiketi yako inakubalika humo. Toka nyumbani saa nzima kabla, kaka, na uangalie tena usiku wa kuamkia safari.