Kabla Hujaandika Asembli, Pima Kwanza C Yako

Tuna kazi ndogo: kujumlisha safu ndefu ya namba za aina ya `float` (namba za desimali) kwa lugha ya C, kwenye Linux yenye prosesa ya x86-64, yaani aina ya Intel na AMD. Swali ni kama inastahili asembli, yaani kuandika maelekezo ya prosesa moja moja kwa mkono.

Hatua ya 1: Andika C ya kawaida kabisa. Kitanzi kimoja, kijumlishi kimoja, bila ujanja. Toleo hili usilifute, kwa sababu ndilo litakaloamua kama matoleo mengine yanatoa jibu sahihi.

Hatua ya 2: Pima. Jenga kwa kompaila, programu inayogeuza C kuwa maelekezo ya prosesa: `gcc -O2 -g`. Kisha tumia `perf`, zana ya Linux inayoonyesha muda unaliwa wapi: endesha `perf record ./programu`, halafu `perf report`. Kama fanksheni yako inakula asilimia 5 ya muda, ishia hapo: hata ukiiondoa kabisa, utaokoa asilimia 5 tu. Na jumla uichapishe. Kompaila ikiona jibu halitumiki popote, inakitupa kitanzi kizima, nawe unabaki kushangilia kasi ya programu isiyofanya kitu.

Hatua ya 3: Soma asembli iliyotolewa na kompaila. `gcc -O3 -S jumla.c` itakupa faili la `jumla.s`. Kuisoma asembli kuna faida kuliko kuiandika, na ni rahisi zaidi kujifunza. Ndani ya kitanzi utakuta `addss`, inayojumlisha namba moja moja. Wengi wakifika hapa huilaumu kompaila. Wanaionea. Jumla ya `float` inaweza kubadilika ukibadili mpangilio wa kujumlisha, maana kila hatua hukadiriwa, na kompaila hairuhusiwi kukubadilishia jibu bila idhini yako.

Sasa angalia gharama yake. Kwenye prosesa za Skylake za Intel, `addss` huchukua mizunguko 4 (mapigo ya saa ya prosesa) kutoa jibu, ingawa prosesa inaweza kuanzisha 2 katika kila mzunguko. Lakini kila jumla inaisubiri iliyotangulia. Nguvu ipo, tatizo ni foleni.

Hatua ya 4: Vunja foleni, ukiwa bado ndani ya C.

```c
float jumla(const float *x, size_t n) {
    float a = 0, b = 0, c = 0, d = 0;
    size_t i = 0;
    for (; i + 4 <= n; i += 4) {
        a += x[i];   b += x[i+1];
        c += x[i+2]; d += x[i+3];
    }
    for (; i < n; i++) a += x[i];
    return (a + b) + (c + d);
}
```

Vijumlishi vinne havisubiriani, na mpangilio umeuchagua mwenyewe. Jibu laweza kupishana kidogo na la hatua ya 1, kwa hiyo linganisha kwa kiwango cha kosa unachokubali, usitumie `==`. Ipo pia swichi ya gcc, `-ffast-math`, inayomruhusu kompaila apange upya mwenyewe, ila inamruhusu pia adhani NaN (alama ya jibu lisilo namba) haipo. Mimi siiwashi kwa mradi mzima.

Hatua ya 5: Pima tena. Safu ikiwa kubwa kuliko kache (kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani ya prosesa), huenda RAM ndiyo inayokuchelewesha, na hapo asembli haisaidii.

Hatua ya 6: Asembli, kama bado kuna sababu. Zipo kazi zake. Kuendesha taa za LED za WS2812 kwa ATmega328P, chipu ndogo ya kudhibiti vifaa, ya MHz 16 ni mojawapo: mzunguko mmoja ni nanosekunde 62.5, na mawimbi ya taa hizo hupimwa kwa mamia ya nanosekunde, hivyo unahesabu maelekezo moja moja. Kisimbuzi cha video cha dav1d nacho kina asembli tele, lakini kina pia toleo la C, na programu iitwayo checkasm hulinganisha majibu ya pande mbili.

Iga mpango huo. Weka asembli kwenye faili lake la `.S`, lenye fanksheni hiyo moja tu, na Makefile (faili la maagizo ya kujenga mradi) ilichukue pale tu prosesa inapokuwa x86-64. Halafu jenga mradi wote kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo yenye prosesa isiyo ya x86-64, bila faili hilo. Mradi ukikataa kujengeka, rudi urekebishe hapo kabla ya kuongeza mstari mwingine wa asembli.