Fremu ya Mtumba kwa Kitambaa cha Kudarizi: Namna ya Kuiandaa Hatua kwa Hatua

Fremu nyingi zinazofika katika masoko ya mitumba zilitengenezwa kwa ajili ya picha za karatasi, ambazo ni nyembamba na hulala bapa. Mtu akichukua foronya iliyodariziwa na nyanya yake akaipachika humo bila kubadilisha chochote, kioo hugandamana na nyuzi, na hapa Mombasa, ambako hewa haikauki kikamilifu hata wakati wa kaskazi, unyevu hujifungia baina ya hivyo viwili. Kazi ya kwanza niliyoipachika ilikuwa ua la asumini la uzi mweupe. Nilipoifungua baada ya masika mbili, nilikuta madoa ya ukungu ambayo hayakutoka tena. Tangu hapo nafuata kanuni moja: kitambaa kisiguswe na kioo, wala na gundi, wala na mbao tupu, na kiweze kutolewa siku yoyote kama kilivyoingia.

Hatua ya 1: Kuchagua fremu

Igeuze fremu kabla hujautazama uso wake, upime kina cha mfereji wa nyuma unaopokea kioo. Kioo cha kawaida huchukua milimita 2, nafasi kati yake na kitambaa milimita 5, kadibodi iliyovikwa kitambaa milimita 4 hivi, na ubao wa kufungia nyuma milimita 3. Jumla ni milimita 14. Ni fremu chache zenye kina hicho, lakini usiiache fremu nzuri kwa sababu hiyo tu, kwa kuwa kina huongezwa, kama nitakavyoeleza.

Kinachopaswa kukusimamisha ni matundu ya wadudu wanaobungua mbao. Igonge fremu juu ya karatasi nyeusi. Ukiona unga mpya umedondoka, huenda wadudu wangali hai. Ukiwa na friza inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri, ifunge fremu katika mfuko wa nailoni usiopitisha hewa, uiweke humo kwa wiki 2, kisha uiache nje siku nzima kabla ya kuufungua mfuko, ili unyevu usigande juu ya mbao. Wako wanaopaka mafuta ya taa. Mimi siyatumii, kwani harufu na doa lake huhamia kwenye kitambaa.

Hatua ya 2: Kuifungua na kuisafisha

Ng'oa misumari kwa koleo, toa kioo ukiwa umevaa glavu, ukioshe kwa maji na sabuni, ukikaushe kabisa. Fremu yenye mapambo ya plasta isipigwe msasa wala isilowekwe. Brashi laini na kavu inatosha.

Hatua ya 3: Kukaza pembe

Pembe zikilegea, zitenganishe kabisa badala ya kumimina gundi juu ya gundi ya zamani, ambayo haitashika. Kwangua mabaki yote, paka gundi ya mbao, kisha uizungushie fremu vipande virefu vya tyubu kuukuu ya baiskeli, ukivivuta kwa nguvu sawa pande zote. Pima kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari: vipimo viwili vikilingana, fremu imekaa mraba. Iache saa 24.

Hatua ya 4: Kuongeza kina na kupaka rangi

Gundisha fito nyembamba za mbao nyuma ya fremu, zikifuata ukingo wa nje, mpaka upate kina kinachotakiwa. Ukiitazama kutoka mbele hazionekani. Rangi ya zamani huweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo lowanisha msasa, vaa barakoa, na uwaweke watoto mbali. Anza na msasa namba 120, malizia na namba 220, kisha upake tabaka mbili nyembamba.

Usiusahau mfereji wa ndani. Mbao tupu hutoa asidi ambayo taratibu huugeuza uzi mweupe kuwa wa manjano, kwa hiyo upake rangi nao, na ikisha kukauka uufunike kwa vipande vya karatasi ya alumini, ile itumikayo jikoni. Baada ya hapo subiri wiki 2. Rangi iliyokauka kwa kuguswa huendelea kutoa mvuke kwa siku nyingi, na mvuke huo haufai kufungiwa pamoja na pamba.

Hatua ya 5: Kukitandaza kitambaa

Hapa ndipo haraka inapoharibu kazi ya miezi. Kabla ya kufua, bonyeza pamba nyeupe iliyoloweshwa juu ya kila rangi ya uzi, hasa nyekundu na nyeusi. Rangi ikihamia kwenye pamba, usikifue kabisa. Kama haihami, tumia maji baridi na sabuni laini isiyo na dawa ya kung'arisha, usikikamue, na ukipige pasi kingali na unyevu kidogo, uso wa darizi ukilala juu ya taulo ili mishono isipondeke.

Kata kadibodi isiyo na asidi, ikiwa fupi kuliko nafasi ya fremu kwa milimita 2 kila upande. Ivike marekani iliyofuliwa mara mbili ili wanga utoke. (Kitambaa hicho kilipata jina lake katika karne ya 19, kilipoletwa Zanzibar na meli za Salem, Massachusetts, na kwa kazi hii sijapata kingine kinachokipita.) Weka darizi juu yake, ukiacha pindo la sentimita 5 au zaidi kila upande. Choma pini ukingoni mwa kadibodi, ukianzia katikati ya kila upande na kuelekea pembeni, huku ukifuatisha mwelekeo wa nyuzi za kitambaa na si macho yako. Mistari ikinyooka, geuza kazi, na kwa uzi imara wa pamba shona kutoka pindo hadi pindo, ukienda na kurudi kama mtu afungaye kamba za viatu, kisha uvute polepole mpaka kitambaa kikaze bila kupinda kadibodi.

Hatua ya 6: Kufunga na kutundika

Rundika vipande vyembamba vya kadibodi ile ile hadi vifike milimita 5, uvipange pembezoni juu ya kioo, mahali ambapo mdomo wa fremu unavificha, kisha uingize darizi na ubao wa nyuma. Funga kwa skrubu ndogo, si kwa misumari, kwa sababu utahitaji kufungua.

Usiitundike kwenye ukuta unaopigwa na jua, wala unaopakana na bafu, wala ule wa nje unaopokea mvua za kusi. Bandika vipande viwili vya kizibo kwenye pembe za chini nyuma ya fremu, hewa ipate kupita kati yake na ukuta. Kila mwaka, kabla ya masika kuanza, legeza skrubu katika siku kavu, unuse ndani, na ukiona hata nukta moja ya ukungu, toa kitambaa ukipeperushe kivulini kabla ya kukirudisha.