Kabla hujagusa fomula: maswali ya kani na momenta

Soma swali mara mbili. Badilisha vipimo vyote mwanzoni: gramu ziwe kilogramu, kilomita kwa saa ugawe kwa 3.6 upate mita kwa sekunde. Tungamo (kiasi cha maada, kwa kilo) si uzito (kani ya mvutano wa dunia, kwa nyutoni); kitu cha kilo 50 kina uzito wa nyutoni 500 ukitumia g = 10, yaani nyutoni 10 kwa kila kilo.

Chora. "Naliona kichwani" sikubali. Chagua kitu kimoja, kisha weka mishale ya kani (misukumo na mivuto) zinazokihusu hicho tu. Sanduku likitulia mezani, uzito wake na kani ya meza inayolisukuma juu si jozi ya kanuni ya tatu ya Newton (kitu kikisukuma kingine, nacho husukumwa sawasawa upande wa pili), maana zote mbili ziko kwenye sanduku lile lile. Hapa wengi hupotea.

Halafu mwelekeo. Nikiwa kidato cha tatu tuliletewa mpira wa kilo 0.5 unaogonga ukuta kwa mita 8 kwa sekunde na kurudi kwa 6, umegusana na ukuta kwa sekunde 0.02. Tafuta kani. Nikachukua 8 nikatoa 6, nikazidisha kwa 0.5, nikagawa kwa 0.02: nyutoni 50. Nilitoka nina uhakika kabisa. Jibu ni 350. Mpira umegeuka, kwa hiyo ile 6 ni hasi, na badiliko la kasi ni 14, si 2. Ukuta unausimamisha mpira kwanza, kisha unaurusha upya; kazi zote mbili zinahitaji kani. Vipengele viwili vilivyofuata vilitegemea jibu hilo, navyo vikaenda. Iliniuma, kwa sababu hesabu nilizijua. Leo nikiwafundisha wadogo zangu nawaona wakiingia shimo lile lile. Basi andika juu ya mchoro, kabla ya namba yoyote: kulia ni chanya.

Vitu vikigongana na kushikamana, momenta ya jumla (tungamo mara kasi ya kila kimoja, ukizingatia mwelekeo, kisha ujumlishe) inabaki ile ile mradi hakuna kani ya nje. Nishati ya mwendo hupungua, usiandike kuwa ya kabla ni sawa na ya baada. Msuguano ukiyasimamisha magari baada ya mgongano, hiyo ni hatua nyingine, ihesabu peke yake.

Mwisho litazame jibu. Kigari cha kilo 2 kinachokwenda mita 3 kwa sekunde kikinasa cha kilo 1 kilichotulia, vyote vitakwenda kwa 2. Ukipata 4, rudi kwenye mishale. Angalia vipimo, angalia kikokotoo, na hatua zako usizifute.